Ng'ambo, Mji Uliopangwa Mara Nne

Mtu haiti kwao ng'ambo. Neno hilo ni la yule aliyesimama upande wa pili wa maji akanyoosha kidole, na katika mji wa Unguja aliyesimama hivyo alikuwa Shangani au Malindi, barazani kwa nyumba ya mawe, akiangalia vibanda vya makuti vilivyokuwa vikizidi kila mwaka kule mashariki ya daraja. Hata hivyo wale walionyooshewa kidole walilipokea jina, wakalizoea, na mwishowe wakajivunia nalo. Mtoto wa Mwembetanga au wa Kikwajuni akiulizwa kwao hutaja kwanza mtaa wake, kisha hutaja Ng'ambo, na husikika katika sauti yake kwamba haoni kuwa yuko pembeni mwa kitu chochote.

Mji wa mawe ulijengwa juu ya ulimi wa ardhi uliozungukwa na bahari karibu pande zote. Upande wa mashariki palikuwa na hori; maji yaliingia kutokea Funguni wakati wa kujaa, yakarudi wakati wa kupwa, na siku za bamvua yalipanda hadi karibu na Mnazi Mmoja, mji ukawa kisiwa ndani ya kisiwa. Njia ya kuvukia ikazaa jina la Darajani, jina ambalo limeishi kuliko daraja lenyewe na kuliko maji yaliyopita chini yake. Baada ya hapo ndipo mitaa ilipoanza, na majina yake ni kumbukumbu ambayo hakuna ofisi iliyoiandika. Michenzani palikuwa na michenza. Mwembetanga, Mwembeladu na Mwembeshauri ni miembe mitatu iliyokwisha kukatwa au kufa, ila inaendelea kuelekeza watu njia. Mchangani ni mchanga, Kisimamajongoo ni kisima. Kisiwandui ndiko walikotengwa wagonjwa wa ndui, wakati mji ulipokuwa hauna dawa nyingine ya maradhi hayo isipokuwa kuwaweka mbali waliougua.

Hofu ya maradhi ndiyo iliyowafanya watawala waanze kuutazama mji kama kitu cha kupangwa. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua watu wengi mno kisiwani, na daktari wa Kiskoti, James Christie, aliyekuwapo Unguja wakati huo, alikiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1876. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, hukumbukwa zaidi kwa Beit el Ajaib ya mwaka 1883, lakini kazi yake iliyookoa roho za watu ni mfereji ulioleta maji ya chemchemi mjini kutoka upande wa Bububu. Katika hesabu ya mambo ambayo utawala wa mji huu umewahi kuyatanguliza, maji safi yanastahili kuwekwa juu kabisa, na ni jambo la kutia haya kwamba zaidi ya miaka mia moja baadaye mwanamke wa Ng'ambo angali akiamka usiku kuvizia bomba.

Ng'ambo ilijaa baada ya 1897, mwaka ambao hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria. Waliokuwa watumwa mashamba walikuja mjini kutafuta ujira, na pamoja nao walikuwapo wapagazi waliotoka bara, mabaharia, Wangazija, mafundi, wauza samaki. Kujenga kibanda hakukuhitaji mali nyingi: boriti za mikoko, fito, udongo, makuti, na majirani wa kusaidia kukandika. Kiwanja kilikuwa cha mtu mwingine, tajiri wa Kiarabu au wa Kihindi, au kilikuwa wakfu. Na zamani mwenye ardhi aliridhika kuwa na watu waliomtambua kuwa ni bwana wao, wakamwendea siku za sikukuu, wakamfuata akihitaji watu. Kodi hakudai, au alidai kitu kidogo cha heshima. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1920. Ardhi iliyo karibu na mji ikawa na bei, na mwenye nayo akaanza kudai kila mwezi kodi ya kiwanja ambacho juu yake mtu amejenga kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa. Haukuwa mgomo wa chama wala wa wasomi. Ulikuwa mgomo wa wapangaji wa ardhi, na wanawake, ambao wengi wao walikuwa wenye vibanda, walikuwa miongoni mwa waliopaza sauti zaidi. Mahakama iliwahukumu waliokataa, nao umati ukaandamana kuwatoa waliofungwa. Serikali ya Kiingereza, ambayo kwa desturi ilikuwa upande wa wenye mali, ililazimika kuingilia kati na kutunga sheria ya kuzuia kodi hiyo isipandishwe ovyo. Ni mara chache katika historia ya mji huu ambapo kipaumbele cha mtu wa kibandani kiligeuka kuwa kipaumbele cha ofisi, na hilo halikuja kwa kuombwa.

Wapenzi wa ushairi wanaujua mwaka huo kwa sababu nyingine. Ndio mwaka ambao Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyehamia mjini mwaka 1911 na kuishi Ng'ambo, alipelekwa Bombay pamoja na wenzake kurikodi santuri za kwanza za taarabu kwa Kiswahili. Mambo haya mawili husimuliwa mbalimbali, moja katika vitabu vya siasa, jingine katika vitabu vya muziki, na huko ni kuvunja nyumba moja vipande viwili. Watu waliokaa usiku kumsikiliza Siti ndio hao hao waliogomea kodi mchana. Nyimbo zake zilisema juu ya mahakama zinazomhukumu mnyonge na kumwacha mwenye nguvu. Wimbo wa "Kijiti" ulitokana na kesi ya kweli ya mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akatoroka, na waliotoa ushahidi ndio wakaadhibiwa. Kwa wasikilizaji wale mambo haya hayakuwa mageni hata kidogo. Walikuwa na hati zao za madeni mfukoni.

Ama mpango wa kwanza wa mji ulikuwa umekwisha kuchapishwa miaka mitano kabla ya mgomo, yaani 1923. Aliyeuandaa ni H. V. Lanchester, msanifu wa Kiingereza aliyewahi kufanya kazi kama hiyo katika miji ya India. Ni kitabu kizuri kukitazama, kina michoro na picha, na mwandishi wake alikuwa na jicho la kupenda milango na vichochoro vya mji wa mawe. Aliposogea Darajani jicho lile lilibadilika. Upande ule aliuona kuwa ni shida ya hewa, ya msongamano na ya maradhi, na dawa yake ikawa barabara pana na nafasi wazi. Sehemu kubwa ya mapendekezo yake ilibaki katika karatasi, kwa kuwa fedha hazikuwapo. Hori lilifukiwa kidogo kidogo katika miongo iliyofuata, hadi palipokuwa na maji pakawa na barabara na viwanja vya michezo. Daraja likabaki juu ya nchi kavu, kisha likatoweka. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mpaka haukutoweka nalo. Barabara ile, ambayo zamani ikiitwa Creek Road na sasa inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa, iliendelea kuutenga mji sawasawa na yalivyofanya maji.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili akaja Eric Dutton, Katibu Mkuu wa serikali ya Zanzibar tangu 1942 hadi 1952. Alikuwa mtu wa pekee: aliwahi kujaribu kuupanda Mlima Kenya na kuuandikia kitabu, na aliwahi kushughulika na ujenzi wa mji wa Lusaka. Yeye aliamini kwamba Ng'ambo itatulia ikipewa mahali pazuri pa kukutania na nyumba zilizopangwa kwa mistari. Ndipo kilipojengwa kituo cha Raha Leo, chenye ukumbi na mnara, katikati ya mitaa ya udongo. Jina lilikuwa la furaha na jengo lilikuwa imara. Nyumba zilizoahidiwa pamoja nalo zilikuwa chache, na kodi zake zilikuwa juu ya uwezo wa wengi waliokusudiwa. Kisha mwaka 1958 ukatoka mpango wa pili, wa Henry Kendall na Geoffrey Mill, wenye ramani za rangi na barabara za mzunguko. Miaka sita baadaye serikali iliyouagiza haikuwapo tena.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 12 Januari 1964, sauti iliyotangaza kuanguka kwa serikali ilitoka Raha Leo, kwa kuwa studio za redio zilikuwa hapo. Kituo kilichojengwa ili Ng'ambo itulie kikawa makao ya Mapinduzi. Mtu hahitaji kuwa na maoni ya upande wowote juu ya siku ile na damu iliyomwagika ili aone kejeli ya jambo hilo.

Serikali mpya ilikuwa na Rais aliyeijua Ng'ambo kwa miguu yake. Abeid Amani Karume alikuwa baharia, alikuwa mtu wa mitaa hiyo, na kwake suala la nyumba lilikuwa suala la heshima kabla ya kuwa la afya. Kibanda cha udongo kilikuwa alama ya unyonge; kwa hiyo mwisho wa unyonge lazima uonekane kwa macho, na uonekane kutoka mbali. Ardhi ikafanywa mali ya serikali mwaka 1965, na ugomvi wa 1928 ukamalizika kwa kumwondoa mwenye kiwanja katika hadithi. Ujerumani ya Mashariki ikaleta wataalamu, saruji na mashine, na nyumba za ghorofa zikajengwa Kikwajuni na Kilimani. Mwaka 1968 ukaandikwa mpango wa tatu, chini ya Hubert Scholz.

Michenzani ndiyo kazi iliyobaki katika macho ya kila mgeni. Michoro ilianzia kwa Wajerumani, lakini ukubwa wake ulikuwa wa Karume mwenyewe, na kazi iliendelea kwa mikono ya wananchi baada ya wageni kupungua. Barabara mbili pana zilipasuliwa katikati ya Ng'ambo zikakutana kwenye mzunguko, na kando yake yakasimamishwa majumba kumi, mengine yenye urefu wa takriban mita 300, marefu kama gari moshi lililosimama. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 kazi ikiwa haijakwisha. Iliendelea hadi mwishoni mwa muongo huo. Ndoto ilikuwa kubwa zaidi: Ng'ambo yote ibomolewe na mahali pake yasimame majumba.

Ni rahisi leo kuyacheka majumba yale, na wengi wameyacheka, hasa wageni wanaotoka Mji Mkongwe na kamera. Wanaoyacheka hawakulala katika chumba ambacho paa lake la makuti lilivuja kila masika. Familia iliyopewa ufunguo wa fleti yenye umeme, jiko na choo cha ndani, bila ya kudaiwa bei, ilipewa kitu ambacho hakuna serikali iliyotangulia iliyowahi hata kukitamka. Hayo ni ya haki kusemwa. Ya haki pia ni kusema kilichovunjwa. Nyumba ya Ng'ambo ina baraza mbele, ukumbi katikati na uani nyuma. Barazani ndipo mgeni asiye wa nyumbani anapokaa, ndipo bao linapochezwa na habari zinapopimwa. Uani ndipo wanawake wanapopikia, wanapofulia, wanapoimba na kupanga harusi bila ya kutazamwa. Katika fleti baraza limekuwa ngazi ya kupandia na uani umekuwa roshani inayotazamwa na barabara nzima. Mchoraji alihesabu vyumba akaona vinatosha. Maji yalipokosa nguvu za kupanda ghorofa za juu, waliobeba ndoo ngazini walikuwa wale wale ambao kazi zao za uani zilisahauliwa katika mchoro.

Pana kitu kingine kilichopotea ambacho hakina ramani. Mitaa iliyobomolewa ilikuwa na vikundi vya ngoma, vyuo vya Kurani, misikiti midogo, vilabu vya mpira, na ujirani wa vizazi vitatu. Waliohamishwa walipewa makazi kwa familia, na mtaa hauhamishiki kwa familia moja moja.

Mpango wa nne uliandikwa mwaka 1982 na wataalamu wa Kichina. Huo uliacha kubomoa katikati na ukaelekea nje, kwenye viwanja vipya vya kugawiwa watu. Wazo lilikuwa la busara. Likakutana na eka tatu. Baada ya Mapinduzi serikali iligawa mashamba kwa wakulima, kila mmoja eka tatu, ili alime mihogo na migomba yake. Mji ulipowafikia, wenye eka hizo waliona kwamba kipande cha kujengea kina faida kuliko muhogo. Kisheria ardhi haikuwa yao kuuza; wakauza "mazao" yaliyomo juu yake, minazi miwili na mwembe, na mnunuzi akajenga alfajiri. Sheha alishuhudia, jirani alishuhudia, karatasi iliandikwa kwa mkono. Barabara iliyochorwa Beijing ikakuta sebule ya mtu njiani. Wale waliosubiri kiwanja cha serikali walisubiri miaka. Wale waliokwenda kwa mwenye eka walihamia kabla ya Ramadhani.

Haifai kuliita hilo fujo na kuishia hapo. Kulikuwa na utaratibu, na kila aliyeshiriki aliujua. Kilichokosekana ni vile vitu ambavyo mnunuzi mmoja hawezi kujinunulia: njia ya maji ya mvua, mahali pa taka, uwanja wa watoto, kipito cha gari la zimamoto. Hivyo ndivyo vitu ambavyo baraza la mji lipo kwa ajili yake, na ndivyo ambavyo mara nne vilichorwa na mara nne vikapatikana nusu au visipatikane kabisa.

Wakati huo huo macho ya dunia yalirudi Shangani. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mpango wa hifadhi uliotayarishwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan ukatoka 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji huo katika Urithi wa Dunia. Heri tupu, kwani nyumba zilikuwa zikianguka, na kuporomoka kwa sehemu ya Beit el Ajaib tarehe 25 Disemba 2020 kulionyesha kwamba hata cheo hicho hakitoshi kuzuia ukuta. Lakini mpaka wa urithi ulipochorwa ulipita pale pale lilipokuwa hori. Nyumba ya mfanyabiashara wa pembe ikawa historia, na nyumba aliyokaa mpagazi wa pembe hizo ikawa eneo la kando.

Sahihisho lilikuja katika miaka ya 2010, kupitia kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo. Idara ya mipango miji ya Zanzibar ilishirikiana na wasanifu kutoka Uholanzi, na safari hii waliingia mitaani na madaftari kabla ya kushika rula. Waliuliza katika shehia: wapi mnakaa jioni, wapi palichezwa ngoma, baraza gani hukusanya wazee, mti upi hauguswi. Majibu yalichorwa, na mwaka 2019 yakatoka katika kitabu cha ramani, "Ng'ambo Atlas". Kwa mara ya kwanza baraza la kahawa liliwekwa katika ramani ya serikali kwa alama yake, kama inavyowekwa skuli au hospitali. Kitabu si barabara wala si mfereji, na mji ulioandikwa vizuri unaweza bado kufurika. Ila mpangaji wa tano hataweza kusema hakuambiwa.

Naye atakuwa na mji mkubwa kuliko waliomtangulia. Mkoa wa Mjini Magharibi ulihesabiwa kuwa na watu 593,678 mwaka 2012; mwaka 2022 walikuwa 893,169, karibu nusu ya watu wote wa Zanzibar, ambao ni 1,889,773. Ng'ambo ya zamani imekuwa katikati. Michenzani kuna mnara wa miaka hamsini ya Mapinduzi na jengo kubwa la maduka, bei ya kiwanja karibu na mzunguko inapanda, na mrithi wa kibanda cha bibi yake hutembelewa na watu wenye miwani ya jua wanaotaka kujua kama ataridhia kuhamia mbali. Swali la 1928 limerudi likiwa limevaa suti. Ikiwa baraza la manispaa lina jambo moja la kutanguliza kabla ya taa za barabarani na mawe ya kupendeza ya njia za miguu, ni kumhakikishia mtu huyo karatasi inayosimama mbele ya hakimu, kisha kumtengenezea mfereji wa maji ya mvua, kwa mpango huo, kwa sababu mfereji bila ya karatasi huipandisha bei ardhi iliyo chini ya miguu yake naye asifaidi.

Mifereji mikubwa ilichimbwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika muongo uliopita, na baadhi ya mitaa iliyokuwa ikizama kila masika imepata nafuu. Mengine hayategemei mvua. Siku za bamvua kubwa maji ya chumvi hupanda na kutandaa katika viwanja vya Mnazi Mmoja, pale pale hori lilipokuwa likiishia kabla ya kufukiwa, na vijana wa mpira hungoja kando hadi yakupwe.